Machela ya Kumzuia Pazi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari mbaya kabla ya chai. Pazi anahama! Kapiga simu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya samaki. Binti yake Mwamini, mtumishi wa wizara, anamchukua Jumapili akaishi naye Dodoma. Anasema tangu mama yake afariki, baba hawezi kuendelea kukaa peke yake shambani Masaki. (Masaki ya Kisarawe. Siyo ile ya matajiri.) Nikasema vema, hongera, Dodoma ndiyo makao makuu. Nikakata simu. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka chai ikapoa.

Pazi ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Tulikutana tukiwa vijana, tukivuta mnyororo wa wapima ardhi katika misitu ya Kisarawe. Nilimtangulia kazini kwa wiki moja, kwa hiyo mimi ndiye mkubwa wake, jambo ambalo hajalikubali mpaka leo. Miaka yote hii amenitania bila kupumzika. Nani mwingine wa kunitania hivyo? Watu wa hapa Kibaha wananiita mzee wetu na kunipisha kiti. Inachosha.

Ila upenyo upo! Mwaka jana alikwenda Dodoma akae mwezi mzima, akarudi kabla hata sijaanza kumsengenya. Usingizi ulimkataa. Alisema godoro la Mwamini laini kama uji, na chumba kimefungwa kama kopo. Leo kasema hilo tu ndilo linalomtia wasiwasi. Basi! Pazi akikumbushwa usingizi wa Kisarawe, haondoki. Zamani tulilala kwenye machela, magunia ya korosho tuliyofunga yaning'inie kati ya miti miwili. Sijawahi kulala vile tena, hata kwenye fungate.

Mpango ni huu. Ninanunua machela ya kisasa. Ninaifunga kwenye mikorosho yake. Ninamlaza humo. Akishalainika, ninamfunulia biashara: vijana wa Dar wanaokuja Kisarawe kutembea msituni watalipia kulala kwenye machela shambani kwake. Biashara lazima iwe na msimamizi anayeishi papo hapo. Msimamizi ni Pazi! Atahamaje?

Adventina (mke wangu, mwalimu mstaafu, bado anasahihisha) kauliza kwa nini nisimwambie tu mwenzangu kwamba sitaki aondoke. Nimemjibu mambo hayo hayasemwi kwa mtani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Kumbe machela ni elimu nzima! Wanashauri anayeanza achague ya kitambaa, siyo ya wavu, kwa sababu wavu hung'ata mgongo. Iwe pana, alale kimshazari. Iwe na mikanda mipana ya kuzungushia mti, siyo kamba nyembamba. Na ifungwe ikiwa imelegea. Ushauri mzuri, kwa wanaoanza. Mimi nililala kwenye machela kabla waandishi hao hawajazaliwa.

Nikaenda kituo cha Kwa Mathias, kwa Faraji, kijana anayeuza mitumba ya vifaa vya safari. Kaniamkia shikamoo mzee wangu kwa adabu iliyonitia shaka. Alikuwa nazo mbili, ya kitambaa na ya wavu. Ya wavu nusu bei. Nimechukua ya wavu. Faraji kaapa kwamba mabaharia wa Ulaya wanalalia hiyo hiyo na hawalalamiki. Amewasikia wapi?

Nimeifunga nyumbani kati ya nguzo ya baraza na mpapai wa Adventina. Nimeikaza mpaka ikalia kama gitaa. Hayo ya kulegeza ni ya wavivu. Nikapanda. Nikajinyoosha. Raha! Halafu nikasikia mpapai ukikohoa.

Ulikatika katikati. Mimi nilitangulia chini, mapapai yakanifuata. Moja lilikuwa limeiva sana.

Adventina kasema mtu aliyekula mshahara wa msituni maisha yake yote angejua kwamba mpapai siyo mti. Nikamwambia ni mti. Kasema basi usimamishe.

Jumatano, 6 Agosti

Majaribio yanaendelea. Leo nimefunga kati ya nguzo mbili za baraza, nikalala kifudifudi baada ya chakula, maana mgongo haujapona. Nikapitiwa. Nikaamshwa twende jumuiya, nimeshachelewa, sikupata nafasi ya kujitazama kwenye kioo.

Watu walinipokea kwa upole usio wa kawaida. Mama mmoja kaninong'oneza pole. Kwenye maombi mwenyekiti kaongeza nia moja kwa ajili ya wenye magonjwa ya ngozi, na wote wakaitikia wakinitazama mimi. Nimefika nyumbani nikakuta vyumba vya wavu vimejichora uso mzima kama bao la drafti, kuanzia kidevuni hadi kwenye upara. Adventina alikuwa ameviona tangu tunatoka! Anasema alidhani ndiyo mtindo wa kambi.

Wavu haufai. Pazi ni mnene. Ungemkatakata kama sambusa.

Alhamisi, 7 Agosti

Faraji kakataa kurudisha fedha. Kasema mali ikishalaliwa hairudi. Nikamwambia nitamshtaki. Kaniuliza kwa heshima zote, kwa nani? Tumekubaliana kubadilishana: nimempa wavu wake, na juu yake chupa ya chai ya Adventina, ile kubwa ya maua. Yeye hupata wageni mara chache, hataitafuta.

Sasa nina ya kitambaa! Pana kama shuka la watu wawili. Ina mikanda mipana miwili. Inakunjwa yote ikaingia kwenye kimfuko chake chenyewe, ukubwa wa mkate. Lebo inasema inabeba watu wawili wazima, kwa hiyo inambeba Pazi. Rangi yake waridi, lakini waridi ya kiume.

Jioni. Balaa. Sikujua kwamba Adventina siku hizi ananunua dagaa Kwa Mathias. Kaiona chupa yake imepangwa barabarani inauzwa. Kainunua! Faraji hakumpunguzia hata kidogo. Karudi nayo, kaiweka mezani mbele yangu, kajimiminia chai, kainywa yote akinitazama. Mimi nimekunywa maji.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, shule zimefungwa. Nimejaribu machela kwenye mijohoro miwili ya uwanja wa shule. Mlinzi kaja kuuliza kulikoni, kwa haraka nikafunga vibaya, ikabaki inaning'inia kama tumbo la mbuzi. Nikalala hivyo hivyo, tena upande upande, kwa sababu ya mgongo. Sikuanguka! Haikuning'ata! Nilikuwa nimefanya kila kitu walichoandika wale watu, na wala sikukusudia.

Upepo ulikuwa unapita chini ya mgongo. Hapo ndipo nilipomkumbuka Pazi wa zamani, mwembamba kama fito, suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa miaka ile sukari haipatikani. Tukinywa chai chungu, yeye anasimulia keki aliyowahi kuiona dirishani Dar, na tunakunywa tukiisikiliza keki. Tukishapanda kwenye magunia yetu, ananiita gizani: Mnyamwezi, umelala? Ninamjibu bado. Anasimulia tena. Umelala? Bado. Mpaka mmoja aache kuitika. Mara nyingi nilikuwa macho, nikanyamaza kusudi, nimsikie akiniambia lala salama ndugu yangu, maneno ambayo mchana asingeyatamka hata kwa kupigwa fimbo.

Mlinzi kaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni vumbi la machoni.

Kesho Kisarawe.

Jumamosi, 9 Agosti

 Nianze mwanzo.

Nilipanda bodaboda kupitia Kiluvya, machela kifuani kama mtoto mchanga. Mikorosho imetoa maua, shamba zima linanukia. Nyumba ya Pazi nusu tupu. Kuku kagawa. Jembe kagawa. Mwamini kaniamkia shikamoo baba mdogo, kaniletea kiti pekee kilichobaki. Pazi alinipokea kwa kuuliza kama Kibaha wameishiwa chakula.

Nikafunga machela. Niliilegeza kusudi, mara hii. Pazi alisimama pembeni akicheka mpaka akakohoa. Kasema dunia imegeuka, mababu zangu walibeba wakubwa kwenye machela kutoka pwani mpaka Tabora, leo mjukuu wao anajifungia ya kwake ya rangi ya waridi. Nikavumilia. Nikamwambia apande. Kapanda. Mkorosho haukutikisika. Nikaanza kumweleza Kambi ya Machela ya Anselmi na Mwenzake. Kauliza mwenzake ni nani. Nikasema wewe. Kasema jina lake ni Pazi, na shamba ni lake, mwenzake ni mimi. Nikaenda mbele: vijana wa Dar, chai ya mkaa, korosho za kubanika, msimamizi anayekaa hapo hapo. Nilisema kwa ufasaha ambao sijawahi kuwa nao. Nilipofika kwenye mgawanyo wa faida nikageuka nimwone uso.

Amelala! Mdomo wazi. Mikono kifuani. Sijamwona Pazi amelala hivyo tangu tukiwa na nywele. Nikakaa kwenye kile kiti nikamfukuzia nzi. Nilijua nimeshinda.

Kaamka kwa adhana ya alasiri. Katazama majani juu yake. Kisha kamwita Mwamini, kamuuliza kama baraza ya Dodoma ina nguzo. Mwamini kasema zipo mbili, nene. Pazi kashuka, kafungua mikanda, kaikunja machela, kaishindilia kwenye mfuko wake. Kasema mzigo wa Mnyamwezi ukishaingia Uzaramo umefika, ndiyo desturi tangu enzi za misafara. Kasema sasa anaweza kwenda Dodoma, wasiwasi umekwisha, atalala!

Mtani akichukua, amechukua. Ukikasirika unatozwa kuku, na kuku wake amekwisha kuwagawa, ingebidi nimnunulie wa majirani. Nikacheka. Nilicheka vizuri sana. Mwamini kanishika mikono miwili, machozi yanamtoka, kasema baba mdogo umenisaidia, siku zote hizi alikuwa anakataa kufunga begi, nilikuwa ninajiandaa kuahirisha.

Alikuwa anajiandaa kuahirisha!

Jumapili, 10 Agosti

Tuliwasubiri Kwa Mathias baada ya misa. Gari la Mwamini likaegeshwa mbele ya duka la simenti. Nyuma kumejaa mabegi, na kile kimfuko cha waridi mapajani mwa Pazi. Hakutaka kukiweka kwenye buti.

Nilikuwa na maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga wakati wa mahubiri. Adventina kanisukuma mgongoni, pale pale penye maumivu. Nikafungua mdomo nikamwambia Pazi mikanda ikae usawa wa bega, na akague fundo kila asubuhi. Kasema amesikia. Kanishika mkono kupitia dirishani, hakuuachia. Kasema nisifikirie nimemkwepa. Siku nikifa atatoka Dodoma hata kwa kutambaa, atavaa ile suti yangu ya kijivu, atatembea nayo msibani akijikohoza kama mimi, mpaka wanangu wacheke. Nani mwingine angemfanyia Mnyamwezi heshima hiyo?

Nikamwambia afunge mkanda wa gari.

Likaondoka. Malori ya kwenda bara yakajaa nyuma yake, sikuliona tena. Adventina kaniuliza kama nimeyasema. Nikasema nimeyasema kwa namna yangu. Kaninunulia soda bila kuombwa. Nilijisikia vibaya sana siku nzima, na ninaandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma humu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechambua kosa langu kwa utulivu. Kosa ni moja tu: machela ilikuwa nzuri mno. Mpango wenyewe haukuwa na dosari.

Jumanne Mwamini alituma picha kwa simu ya Adventina. Baraza safi, nguzo mbili nene, machela imening'inia kama nilivyofundisha, Pazi ndani yake kama maharage kwenye ganda, amelala fofofo. Adventina kasema mpigie mwenzako, mwambie unamkumbuka, dakika moja tu, haiui. Nikasema nina kazi.

Leo asubuhi kapiga mwenyewe! Sauti ya kulalamika. Kasema machela inamsumbua. Fundo linalegea. Kamba hazieleweki. Kasema Dodoma nzima hakuna anayeweza kuirekebisha, lazima aje mtu aliyeinunua. Nikamuuliza linalegea upande gani, kasema pande zote. Nikamuuliza kama ameanguka, kasema bado, lakini dalili zipo.

Nilisema mimi! Tangu siku za mnyororo nimesema Mzaramo hajui kufunga fundo! Nimemkemea kisawasawa. Kakubali yote, jambo ambalo si la kawaida yake, kisha kauliza ninaweza kufika lini.

Adventina kanionyesha tena ile picha. Kasema fundo limekaa vizuri, na Pazi kadiri anavyoonekana hajasumbuliwa na kitu. Nikamwambia picha hudanganya, yeye hana uzoefu wa misitu. Kacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa khanga, kisha kaenda kunipigia pasi ile suti ya kijivu. Sijui kilichomchekesha.

Nimepita kwa Faraji kununua machela ya pili, niitundike pembeni ya ile nikiwa ninafanya matengenezo. Hii haina mikanda. Faraji anasema mikanda ni ya wanaoanza.

Ninaondoka kesho kwa basi la alfajiri. Nimemwambia Adventina nitakaa wiki mbili, labda tatu. Fundo siyo jambo la kuharakisha.