Mkurugenzi wa Saa Saba Mchana

Jumatatu, 4 Machi
Aibu ya kwanza. Nimekula kwenye lile duka la sandwichi lenye matawi kila kona ya mji. Utaratibu wao ni huu: unamtajia binti wa kaunta jina, analiandika kwenye karatasi ya kufungia mkate, kisha analiita chumba kizima kisikie. Aliponiuliza, nikafungua kinywa kutaja langu. Likatoka jingine: Mkurugenzi. Sijui lilitoka wapi. Mimi ni karani wa masjala. Miaka ishirini na sita, mafaili kushoto, vumbi kulia.
“Mkurugenzi! Kuku na nyanya, tayari!”
Vichwa vyote viligeuka. Bwana mmoja alinivutia kiti. Mkate ulikuwa baridi na mayonesi ilinichuruzika mpaka kwenye mkono wa shati. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Jumanne, 5 Machi
Nimerudi. Kwa ajili ya kuku tu! Bakuli la maharage alilonipakia mke wangu nimempa mlinzi wa lango. Akauliza kama mama hawezi kuongeza pilipili kidogo. Mtu hana haya.
Leo nimeingia dukani mikono nyuma, hatua za taratibu. Binti akauliza kama nataka vitunguu. Nikamjibu kwamba suala hilo nitalitafakari. Foleni ikasubiri.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa kwenye foleni. Mimi sikumwona. Yeye alisikia.
Nimefika nyumbani, mke wangu amevaa gauni analoliweka kwa ajili ya harusi za watu. Akaniuliza ni moyo wa namna gani huu, wa kumficha jambo kubwa kiasi hiki. Akalia kwa furaha. Nilitaka kusema kweli. Naapa nilitaka! Nikajisikia nikisema kwamba nilikuwa nasubiri barua rasmi itoke. Barua ipi? Ulimi wangu hauna breki.

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yamezidi. Kesho mke wangu na shemeji watakuja kula nami mchana. Bakuli hakunipa; mkurugenzi, anasema, habebi bakuli. Mlinzi amenuna kutwa nzima.
Mpango: kesho nitaagiza kwa jina la Baba. Nani atashangaa mtu mzima kuitwa Baba? Mpango hauna tundu.

Ijumaa, 8 Machi
Tundu lilikuwepo.
Kaunta ilikuwa na mama mwingine, sauti kama kengele ya shule. Nikaagiza, nikaandikisha Baba, tukaketi. Mke wangu akaifuta meza kwa leso yake, akawaambia wa meza ya jirani kwamba mume wake hapendi makuu. Nikaitazama chumvi.
“Mkurugenzi! Samaki na tango, tayari!”
Mke wangu akanisukuma bega: inuka, mume wangu, unaitwa. Nikainuka. Ningefanya nini? Nimeshika karatasi, na mkono wa mtu mwingine umeshika karatasi ileile. Mkurugenzi wetu. Mwenyewe! Mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Kumbe yule mama wa kaunta anamfahamu na humwita hivyo kila siku, bila hata kuombwa.
Akanitazama. Akaitazama meza yetu, mke wangu amesimama, simu juu, tayari kupiga picha. Akaelewa yote. Akaiachia karatasi, akasema shikamoo mzee, kisha kwa sauti ya chini akaongeza kuwa bila mimi masjala ingeshafungwa. Akarudi mwisho wa foleni kuagiza upya. Hakucheka. Laiti angecheka!
Nilikuwa naketi tu iliposikika tena: “Baba! Kuku na nyanya!” Nikajifanya nafungua karatasi ya samaki. “Baba! Wewe Baba wa kuku, mzee wa shati la bluu, si umeagiza mwenyewe?” Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote, mbona nimechukua samaki wa Mkurugenzi.
Shemeji akaangua kicheko. Mke wangu akaishusha simu.
Tukarudi nyumbani. Mlangoni mke wangu akasema amefurahi siku mbili, na siku mbili si haba. Kisha akauliza bakuli liko wapi, maana Jumatatu anataka kumpakia chakula karani wake.
Bakuli liko kwa mlinzi. Usingizi hauji.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetubu. Nimeamka mapema, nimelichukua bakuli kwa mlinzi, nimelisugua mwenyewe na kulirudisha kwa mke wangu. Amenipakia maharage na, juu yake, yai ambalo kwa kawaida hujiwekea yeye. Nimelitazama yai lile mezani kwangu hadi macho yakaniuma. Nikaahidi kulila lote, pale pale, katikati ya mafaili. Na jina lile la Mkurugenzi nimelikoma. Kabisa!
Saa saba kasorobo nikakumbuka kuwa duka lina tawi jingine, ng'ambo ya posta. Kule hawanijui.
Mlinzi anasema yai lilikuwa limeiva vizuri.
“Jaji! Kuku na nyanya, tayari!”