Ombi la Kuvuliwa Vyeo Nilivyopewa Nikiwa Nje

Ndugu Katibu wa Chama cha Wakazi wa Mitaa ya Chuo Kikuu, ambaye pia ni shemeji yangu,

Pole na kazi. Kwa heshima zote, na bila kumtaja dada yako ambaye ndiye ananishikia taa ya kuandikia, naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Mkutano wa kwanza nilitoka dakika tano kwenda kuzima jiko. Niliporudi nikakuta nimechaguliwa mwakilishi wa mtaa wetu kwa kura zote. Nikashukuru, nikidhani ni ajali. Sufuria nayo haikupona.

2. Mkutano wa pili nilibanwa na chafya, nikatoka kwa adabu. Chafya ya nne ilinikuta tayari ni Mkuu wa Kamati ya Taka. Mimi ni mkutubi, Shemeji, najua vitabu tu. Sasa maprofesa wazima wanasimama mlangoni kwangu na mifuko inayovuja, wakiniuliza maganda ya ndizi yanaingia fungu gani.

3. Mkutano wa tatu niliapa sitoki ng'o. Profesa wa sheria akahutubia saa nzima, kisha akaamua kwamba aliyesinzia ni sawa na aliyetoka. Nikaamka Makamu Mwenyekiti.

4. Mkutano wa nne sikuja kabisa, nilijifungia bafuni. Mkaja kwa maandamano hadi dirishani, mkinipigia vigelegele: Mwenyekiti! Nilitoka na taulo, mkanipiga picha, na ndiyo mliyobandika kwenye ubao wa matangazo.

Shemeji, nimechoka jamani. Sijafungua kitabu tangu mvua zianze. Dada yako ananiita Mheshimiwa, na si kwa mapenzi. Wanangu wanaomba miadi ili wale na baba yao. Naomba Jumamosi hii nivuliwe vyeo vyote, nibaki mkazi wa kawaida mwenye haki ya kununa.

Nisalimie mkeo, watoto, mama mkwe, na yeyote atakayekuwa amekaa sebuleni kwako ukisoma haya.

Wako mtiifu,
Mkutubi (na hayo mengine yote)

Nyongeza: Nimesikia sasa hivi kwamba yule mfamasia jirani yetu anakitaka kiti changu, na jana alionekana akifanya mazoezi ya kutoka nje. Hana hata haya! Barua hii ichane. Jumamosi niwekee nafasi karibu na mlango, na yeye umbane kule ukutani, katikati ya maprofesa wawili wanene.