Malalamiko Juu ya Blauzi Iliyoamua Shauri la Maji

Baraza la Mlimani,
juu ya Hedaru,
12 Agosti 1949

Kwa Bwana Shauri wa Wilaya ya Pare,
Bomani, Same.

Bwana Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Melkizedeki, karani wa baraza letu la huku mlimani. Kwa miaka kumi na moja sijakuletea malalamiko, ila zile barua tatu za paa linalovuja. Leo nimelazimika. Ninayemshitaki si mtu, ni karatasi.

Mwezi wa Juni niliteremka Same kuleta kitabu cha kumbukumbu za baraza, nikafuatana na mke wangu Eliaichi. Niliposubiri Bomani, yeye aliingia dukani kwa Yahaya, akatoka na yadi za bafta nyeupe na bahasha iliyotoka Ulaya. Juu ya bahasha amechorwa mwanamke aliyevaa blauzi ya zamani, ya enzi za bibi zao: kola inayogusa taya, mikono iliyofura begani, vifungo kumi na vinne mgongoni. Ndani mna karatasi nyembamba za kukatia nguo, pamoja na maelezo ya Kiingereza. Nilishangaa kwamba Wazungu nao hurudia mavazi waliyokwisha kuyaacha, lakini sikusema neno. Hilo ndilo kosa langu pekee katika jambo zima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi ile haisemi wazi. Mke wangu ni hodari wa cherehani, lakini Kiingereza ni kazi yangu, basi mimi nikasoma, yeye akakata. Mahali fulani imeandikwa kwamba kila mshono upewe "allowance", yaani posho. Nilifurahi kwa ajili ya mshono, maana mimi mwenyewe huteremka Hedaru kwa miguu bila posho, nikamwambia aupe kwa ukarimu. Mahali pengine wameandika mkono ukusanywe begani, wasiseme kiasi gani. Nikamwambia akusanye kitambaa chote kilichobaki.

Akaniuliza, "Baba Yudith, una hakika?"

Nikamjibu kwamba mimi nimefasiri sheria za Serikali, sembuse mkono wa blauzi. Mikono ikatoka kama maboga mawili. Kola nayo ilitakiwa itiwe kitambaa kigumu ndani. Kwa usalama nikaagiza kitiwe mara tatu. Ikasimama kama ukuta wa mawe.

2. Jumapili ya kwanza aliyoivaa, utaratibu wa ibada uliharibika. Kwenye benchi la wanawake kila mkono wa blauzi ulichukua nafasi ya mtu mzima. Mzee wa kanisa akaona hakuna njia ila kumletea kiti, akakiweka mbele kabisa. Wakati wa sala wote tuliinamisha vichwa, isipokuwa mke wangu, kwa kuwa kola haikumpa ruhusa.

Hapo ndipo Bibi Dorkasi, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliinuka akaja akishikilia mabenchi. Yafaa nikueleze kwamba zamani za Wadachi palikuwa na mama misionari aliyewafundisha watoto wa hapa kusoma, na mabinti kushona, na Bibi Dorkasi alikuwa mmoja wao. Baada ya ile vita ya kwanza mama huyo aliondolewa pamoja na wenzake, hakuonekana tena. Picha yake ingali ukutani shuleni, na blauzi yake ni ile ile.

"Umekawia," Bibi Dorkasi alimwambia mke wangu, machozi yakimtoka. "Tulifua mashuka yako, tukangoja."

Mke wangu angeweza kusema ukweli. Badala yake alimjibu, "Nimefika, mama," akaomba kiti cha pili, akamketisha karibu naye mpaka mwisho wa ibada. Mimi pia nilitokwa na machozi, Bwana, lakini kwa sababu za kikarani.

3. Unalijua shauri la ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Watu wa juu, chini ya Mzee Asheri, hushitakiwa kwamba hufunga maji hata siku zisizo zamu yao. Watu wa chini, chini ya Mzee Aminiel, wamepanda maharage mara mbili yakakauka. Shauri lina miaka mitatu, nami nimejaza vitabu vinne.

Alhamisi iliyopita nilisahau miwani nyumbani. Eliaichi alikuwa akitoka kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa, amevaa blauzi hiyo, akaniletea barazani. Alipoingia tu, Mzee Asheri alisimama. Mzee Aminiel akasimama. Kisha wote wawili, wenye mvi zao, wakanyoosha mikono mbele ili wakaguliwe kucha, maana ndivyo mama misionari alivyowafanya kila asubuhi walipokuwa watoto.

Mke wangu hakuweza kutazama kucha, kwa sababu ya kola. Ikabidi awatazame usoni. Akawatazama mmoja mmoja, akiwa hajui afanye nini. Mzee Asheri akaanza kutoka jasho.

"Ni kweli," akasema. "Jumanne tulifunga maji. Haikuwa zamu yetu."

"Basi yafungueni, baba," akasema mke wangu. Akaweka miwani yangu mezani, akaenda zake kupika.

Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yamefika mashamba ya chini. Kumbukumbu zangu za siku hiyo ni mistari miwili. Kitabu cha tano, ambacho nilikwisha kukipigia mstari wa kando kwa wino mwekundu, hakina kazi.

4. Tangu siku hiyo wenye mashauri hawaji ofisini, huja nyumbani. Hunisalimu haraka haraka, kisha huniuliza kama blauzi imekauka.

Kwa hiyo naomba karatasi hizo zisiuzwe tena wilayani. Ikishindikana, kola yoyote inayozidi inchi mbili ipite kwanza barazani, na mikono ipimwe Bomani kama mizigo ya kahawa. Na ikiwa sheria haina nafasi ya hayo, basi blauzi yenyewe iandikwe kuwa mjumbe wa baraza, ili iwe chini ya kalamu yangu, na siku inapofuliwa kikao kiahirishwe.

Nisalimie karani mkuu, matarishi wote, askari wa langoni, na Bibi yako nyumbani, ambaye natumaini havai ya namna hii.

Ni mimi mtumishi wako mwenye subira iliyobaki kidogo,

Melkizedeki, Karani

Nyongeza: Tafadhali usichukue hatua yoyote kabla ya Ijumaa ijayo. Siku hiyo baraza litasikiliza shauri langu mwenyewe juu ya jirani yangu Zebedayo, aliyesogeza mpaka akameza safu mbili za kahawa yangu. Ushahidi wangu si mwingi. Nimembembeleza Eliaichi siku tatu, na jana amekubali kuja kuketi tu, bila kusema neno. Naikatisha barua hapa, kwa kuwa makaa ya pasi yamekolea, na sharti lake ni kwamba ile mikono niinyooshe mimi.