Ombi la Familia kwa Marehemu Kanyere Kuhusu Kitabu Chake

Bungulu, Beni,
Jumapili baada ya misa ya pili

Kwa Marehemu Kanyere,
Nyumba ya Masista, Butembo

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Amani iwe nawe huko uliko, iwe mbinguni kama familia ilivyokubaliana, iwe Butembo kama watu wanavyosema.

Ni mimi baba yako mdogo Salomon, mkubwa wa familia tangu kaka yangu alipofariki. Yeye alifariki vizuri, na mpaka leo hajaandika chochote.

Kitabu chako *Miaka Saba Bila Chumvi* kimetufikia. Jéthro mwenye pikipiki alileta nakala moja kutoka Butembo, na shirika letu lote la parokia limekisoma kwa zamu. Mimi nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nakubali kwamba unaandika vizuri. Pale watu wa porini walipokukamata katika shamba lako la kakao huko Mutwanga, mkatembezwa mmefungwa kamba moja kama mbuzi wa soko, niliweka sahani chini nikashindwa kula. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho nikakuta umeandika hivi: "Sasa nataka kurudi nyumbani kwangu Bungulu, nilale kwenye kitanda changu." Kitanda hicho, binti yangu, ndicho nimekalia ninapoandika barua hii.

Basi familia imeketi, na imenituma nikufikishie malalamiko yafuatayo, kwa upendo.

1. Ulikufa. Neno hili si langu peke yangu, ni la kikao. Miaka mitatu ilipita bila habari yako, tukafanya kama wazee walivyotufundisha: mtu akikosekana mwili, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake. Tulichagua mgomba mzuri, ulionyooka, tukauvika kitenge chako cha kijani, tukaulaza katika sanduku. Mimi mwenyewe nilibeba upande wa kichwa. Nililia, Kanyere. Sikuigiza. Niliulilia ule mgomba mpaka watu wakanishika mikono, maana nilikupenda, na nilijua sitakuona tena. Katekista alisema Kanisa halijui mambo hayo, akasimama pembeni, lakini maharage alikula. Hakuna aliyelalamika siku ile isipokuwa mama yako Kahongya, aliyesukuma sahani akasema: "Miye hapana kula matanga ya mugomba. Mutoto wangu iko muzima." Tulimsamehe kwa sababu ya uchungu wake. Leo anapita uani akitutazama kama mtu aliyeshinda kesi, na tabia hiyo ameipata katika kitabu chako.

2. Wasomaji hawakuridhika. Papa Paulin, mwenyekiti wa shirika, alisimama mbele ya watu akauliza, akianza kwa Kifaransa: "Mais miaka saba yote, hapana ona njia hata moja ya kukimbilia?" Ni swali zito, na linatoka kwa mtu anayejua njia. Mwaka jana alikwenda Kamango kumsalimia shemeji yake, akapotea mchana kweupe, akarudishwa na wanawake wa ndizi. Naye Zawadi, fundi wa nguo, ana shida na picha ya jalada. Anasema: "Mutu ametoka pori, anapata wapi mashavu ile?" Nilimweleza kwamba masista wanakulisha. Akajibu kwamba wangengoja upigwe picha kwanza. Tunaomba picha nyingine, ya kabla ya uji.

Mwanvua pekee ndiye aliyekipenda. Anauza chumvi sokoni, unamkumbuka. Alisoma ukurasa ule unaosema mlikuwa mnalamba jasho la mikono yenu mkikumbuka chumvi, akafunga meza saa nne asubuhi akaenda msikitini kukuombea. Tangu siku ile kila mwanamke aliyetoka porini anapimiwa chumvi bure, na wauzaji wenzake wanasema ameharibu biashara. Unaona basi kitabu kinavyogombanisha watu.

3. Kicheko. Katika sura ya nne mkuu wa kambi anateleza, anaanguka mtoni na buti zake, na ninyi mateka mnacheka mpaka mnashika matumbo. Jambo hili limetuumiza. Sisi tuliokuwa huru tulinyoa nywele, hatukucheza ngoma mwaka mzima, hata harusi ya ndugu yako Syauswa tuliifanya kimya kimya. Kumbe wewe uliyefungwa unacheka! Papa Paulin anasema mateka wa kweli hacheki. Mimi sisemi ulikuwa unastarehe. Nasema tu kwamba, kama ungetujulisha, tungecheza kidogo kwenye harusi.

4. Majina. Katika sura ya tano unaandika kwamba kila jioni ulitaja majina ya watu wa nyumbani ili usisahau kwamba wewe ni mtu. Nilifika hapo machozi yakinitoka, nikajitafuta. Umemtaja mama yako. Umewataja majirani. Umeutaja mparachichi wa uani, na mbuzi, na huyo mbuzi hata hakuwa wako. Mimi sikuonekana. Watu wameligundua hilo, na wananiuliza tulikosana nini. Nawajibu kwamba mchapishaji alikosa karatasi.

5. Wageni. Sasa wasomaji wanakuja. Wametoka Butembo, wametoka Oicha, juzi walikuja hata watu wa kwaya. Wanataka kuona mlango ulioutoka asubuhi ile ukienda shambani, na mparachichi, na kitanda. Nawakaribisha, maana mgeni hafukuzwi. Wanapiga picha ya mlango. Wanalia kidogo. Kisha mmoja lazima ageuke anitazame na kuuliza: "Na weye papa, uko unafanya nini humu?" Binti yangu, nimelala katika nyumba hii miaka minne, na swali hilo halijawahi kuulizwa na mtu yeyote kabla ya kitabu chako. Nilikuwa na heshima mtaani. Sasa hata nikifungua dirisha naonekana mwizi.

6. Nyumba yenyewe. Unaandika "nyumbani kwangu" mara nyingi, utafikiri kuna mtu anabisha. Ni kweli uliijenga wewe, tofali kwa tofali, kwa kakao yako, na sisi tulikuja kula sikukuu ya kuhamia. Lakini marehemu ana mahali pake, nawe unapo: chini ya mparachichi, na tumepafyeka vizuri. Huwezi kulala uani na kitandani kwa wakati mmoja. Mshika mbili moja humponyoka.

Kwa sababu hizo, familia inaomba kitu kimoja tu, tena kidogo. Tumesikia kitabu kitachapwa mara ya pili. Tunaomba, katika chapa hiyo, ufe.

Tumekutafutia mahali. Katika sura ya tano, baada ya majina, unashikwa na homa, unalala kwenye majani siku nyingi, wenzako wanakufunika wakidhani umekwisha. Hapo ulikuwa karibu sana! Ongeza mstari mmoja tu, kisha masista wakumalizie kitabu. Wasomaji watafurahi, kwa maana Papa Paulin hatakuwa tena na swali la njia ya kukimbilia, na Zawadi atanyamaza kuhusu mashavu. Mgomba wetu utakuwa umezikwa kwa haki. Sisi nasi tutafika wote kwenye uzinduzi, tutalia upya, na safari hii nitakulilia kuliko mara ya kwanza kwa sababu nimesoma. Wewe utaendelea kukaa Butembo bila usumbufu, kwa jina lolote utakalopenda, ukija kututembelea kama mgeni.

Hatukulazimishi. Umelazimishwa vya kutosha.

Wasalimie masista, mmoja mmoja. Msalimie mchapishaji, umwambie karatasi isikosekane tena. Papa Paulin anakusalimu, Zawadi anakusalimu, Mwanvua anakutumia chumvi ambayo Jéthro atakuletea pamoja na barua hii. Mama yako amesimama mlangoni anataka niandike maneno yake jinsi yalivyo, nami nayaandika ingawa hayahusiani na ajenda: "Umuambie bugali iko. Kila siku iko."

Ninakuaga kwa majonzi yale yale ya siku ya mazishi,

Baba yako mdogo,
Salomon Kitsa

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii, nimeifungua tena. Nyumba imepata mnunuzi, bwana Gamaliel, mtu mwenye haraka. Tatizo ni kwamba hati ina jina lako, na wanaoshughulikia hati wamekataa kidole changu. Wanasema marehemu hauzi nyumba, na mgomba vilevile. Nimewaapia mbele ya mashahidi kwamba u mzima, una akili zako zote, una afya kutushinda sisi, nikawawekea kitabu mezani kuwa ushahidi. Wamekisoma, wamekubali: wewe u hai. Kwa hiyo panda gari ya Jumatatu, ulete kadi yako ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho wanachokitaka. Usipitie kwa mama yako, atakukumbatia na kazi itachelewa. Ukishaweka kidole, unaweza kuendelea kuwa marehemu.