Chapati za Maji za Kuokoa Mnara

Jumatatu, 9 Juni
Mkaguzi wa serikali anakuja kuhesabu ndege! Mnara wetu wa kuongozea ndege unaendeshwa na kampuni binafsi, mlipaji ni serikali kuu, ila kwa sharti: faida ishinde gharama. Na faida hiyo hupimwa kwa idadi ya ndege zinazotua. Ndege zenyewe ziko wapi? Wiki jana zilitua chache, na moja ilikuwa imepotea njia. Serikali ikijitoa, mji ujilipie, na meya ameapa hatoi hata senti. Marlys, muongozaji wetu wa ndege, akaniuliza kama aanze kufunga virago. Nikamwambia atulie, mimi Virgil, meneja wa kiwanja, nipo. Akaguna tu.

Jumanne, 10 Juni
Duane wa kiwanja cha Pruitt, hapo jirani, kapiga simu kunipa pole. Pole ya nini? Hana mnara, ana nyasi na ng'ombe! Eti naye ameomba mnara. Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani.

Alhamisi, 12 Juni
Dawa nimeipata! Rubani gani atakataa chapati za maji za bure? Nawaalika waje na ndege zao Jumamosi asubuhi, mkaguzi akiwepo. Marlys akaonya kwamba marubani wa huku ni wakulima, wanaona haya kuomba ruhusa ya kutua redioni, minara wanaikwepa. Nikamwambia aache nuksi.

Jumamosi, 14 Juni
Watu wamefurika! Nimegeuza chapati mpaka mkono ukafa ganzi. Kutupa jicho kiwanjani, ndege hakuna. Hata moja! Wote wameshuka kwenye basi la shule. Mzee mmoja, mdomo umejaa, akanieleza kwamba wametua Pruitt, kule hakuna wa kuombwa ruhusa, na basi wameletewa na Duane. Mkaguzi je? Yuko huko huko Pruitt, anahesabu. Mzee akaongeza kuwa chapati zangu hazina chumvi. Nilijifungia stoo, mtu mzima mimi, nikalia.

Ijumaa, 20 Juni
Yamekwisha. Sisi tumefutwa, Pruitt imeteuliwa kupewa mnara. Marlys anahamia huko. Akaniaga kwa upole, jambo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 21 Juni
Nimeamka na akili mpya! Duane akishapata mnara, marubani watamkimbia. Watakimbilia wapi? Kwangu, nisiye na mnara! Wakishakuwa wengi, naomba mnara. Unga nimeshaagiza. Safari hii naongeza chumvi.