Mashati Arobaini ya Bwana Nadhifu

Jumatatu, 4 Juni

Leo nimeanza rasmi. Mashati yangu ya kiume yataitwa Bwana Nadhifu. Jina limenijia nikinyoa, nikajikata kidogo kwa furaha.

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa, wenzangu walikaa na kulalamika. Mimi, mtunza stoo wa miaka tisa, nilipokea kiinua mgongo changu nikajua huo ni mtaji. Kila mwanaume anavaa shati. Ajabu hakuna aliyeliona hilo kabla yangu.

Manunuzi ya kwanza: lebo elfu mbili za kushonea kolani, zimefumwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Robo ya mtaji imekwenda. Lakini lebo zenyewe! Nimezipanga mezani, nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Mke wangu ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Kutwa anapima magunia, na jicho lake limezoea kuona kilichopungua. Akauliza mashati yako wapi. Nikamwambia yatakuja, mtu mwenye maono huanza na jina. Akauliza yatakuja mangapi. Nikamwambia hilo ni swali la kikarani. Akamaliza kukunja nguo, kisha akatoa sharti lake: mashati thelathini yawe yameuzwa kufikia jioni ya Jumamosi, tarehe 16. Yasipouzwa, Jumatatu yake naanza kazi kwa kaka yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari.

Misumari! Chini ya shemeji! Nimekubali papo hapo, maana sina wasiwasi. Na mke wangu namvulia kofia. Hata akinitishia maisha, ananitishia kwa tarehe kamili.

Jumanne, 5 Juni

Leo: leseni, kibao cha mlangoni, henga mia moja za mbao za kutundikia mashati, na sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa ila lina kifua kizuri. Nusu ya mtaji imekwisha. Nimelisimamisha sanamu chumba cha mbele. Mke wangu amerudi kazini akalisalimia kwa bahati mbaya.

Sasa nahitaji shati la mfano, fundi alitazame na kulifuata. Yangu yote hayafai. Yanavuta kwapani.

Mchana shemeji alipita kutuletea salamu za mama yake. Sipendi kuandika hivi, lakini hii ni shajara yangu na siwezi kujidanganya: shemeji anavaa akapendeza. Ana lile shati la buluu. Nimelitazama miaka mitatu sasa, kwenye harusi, misibani, mpaka kwenye foleni ya benki. Haliruki, halijikunji, kola imetulia shingoni. Na huyu ni mtu anayebeba saruji. Duka ni lake, lakini tangu ujana wake hakubali mfuko ushuke kwenye lori bila yeye kutia bega la kulia. Anashusha, anajipangusa, anavaa shati lake, anatoka kama bwana harusi.

Nilimsifia. Akasema ni shati la kawaida tu. Watu wenye bahati huwa hawajui walichonacho.

Jumatano, 6 Juni

Nimekwenda kumjulia hali mama mkwe, ambaye shemeji anaishi naye. Shati la buluu lilikuwa kwenye kamba ya nguo uani. Limekauka. Upepo unalipepea, naona kabisa linaniita.

Nimeliazima. Nimelikunja nikaliweka ndani ya koti, tumboni. Mama mkwe alinisindikiza mpaka getini, akanitazama, akasema nimenenepa, sifa zimwendee binti yake. Nikaitikia ndiyo, mama, sifa zote zake. Bibi huyu ana moyo mweupe kabisa.

Alhamisi, 7 Juni

Nimempata fundi. Mama wa makamo, ana cherehani tatu barazani kwake, na binti zake wawili wanamsaidia. Haongei sana. Mdomoni ana pini, kwa hiyo hata angetaka kuongea ni kazi.

Nilimpa shati. Akaligeuza nje ndani. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, taratibu, akanitazama. Akauliza kama nina hakika nataka hili hili. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mama, fuata mshono kwa mshono, usipunguze wala usiongeze, ila ukubwa tu, yawepo madogo, ya kati na makubwa. Akatoa pini zote mdomoni, akaziweka kwenye kibati, akauliza mara ya tatu.

Unyenyekevu huo! Fundi mwenye mikono ya namna ile, bado anaogopa kwamba hataweza. Nilimtia moyo. Nikamwambia ajiamini.

Majora matatu ya kitambaa, vifungo, na malipo ya nusu ya kushona. Mashati arobaini. Mtaji umebaki wa kununulia uzi.

Jumamosi, 9 Juni

Shemeji amekuja nyumbani asubuhi, uso umemshuka. Shati lake la buluu limepotea kambani. Amemuuliza jirani, amepanda ukutani kuchungulia, amekagua hata banda la kuku. Anasema mashati mengine anayo, ila lile ndilo linalomkaa.

Nilimpa pole. Nikaongea kwa kirefu kuhusu watu wasio na haya wanaochukua nguo za wenzao kambani. Niliongea vizuri mpaka mwenyewe nikaingiwa na hasira. Mke wangu alikuwa ananitazama vile anavyotazama gunia lililoletwa limefungwa kwa kamba isiyo yake.

Jumanne, 12 Juni

Mashati yamefika! Arobaini, yamepigwa pasi, lebo zinang'aa. Nilipofungua furushi machozi yalinilengalenga. Kila tundu la kifungo limeshonwa kama mtu alikuwa na siku nzima ya kulishona hilo moja.

Nikalivalisha sanamu. Shati likakaa upande. Bega la kulia limeshuka, kola imevutika, pindo huku chini huku juu. Nikajaribu la pili, la tatu. Yote vile vile. Basi nikajua: sanamu ni bovu. Bega lake la kulia limenyanyuka.

Nimelibeba kwapani hadi kwa aliyeniuzia. Akaleta pimamaji, ile ya waashi, akailaza juu ya mabega ya sanamu. Kipovu kikatulia katikati. Nikamwuliza pimamaji ameinunua wapi. Akataja duka la shemeji. Nikamwambia sasa unaona. Akakataa kunirudishia pesa, tukatukanana kiungwana.

Jioni nimegundua henga nazo zina kasoro. Zote mia moja.

Jumatano, 13 Juni

Siku ya kwanza ya mauzo. Zimebaki tatu.

Amekuja mwalimu, akavaa, akajitazama kwenye kioo, akainamisha kichwa ili kiende sawa na kola. Amekuja karani wa benki. Amekuja kinyozi, ambaye aliuliza kwa adabu kama nina la mtu mwenye mabega mawili. Hadi jioni nimeuza sifuri. Nikalivaa moja mimi mwenyewe ili chumba kisiwe na huzuni. Kwapani halivuti. Kwingine kote ni msiba.

Mke wangu aliporudi alinikuta hivyo, nimekaa na sanamu, sote tumeegemea upande mmoja. Akachukua shati, akalitandaza mezani, akapima bega hili na bega lile kwa vidole. Akauliza mfano ulikuwa shati la nani.

Nimeoa miaka kumi na moja. Najua swali lipi halikimbiliki. Nikasema.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akajifuta macho, akakunja shati moja la kati, akalitia kwenye mkoba wake wa kazini. Hakunieleza kwa nini. Mimi nilikuwa nimeanza kuinusa misumari.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekwenda kwa fundi kumgombeza. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yako tayari, makali.

Akanisikiliza. Akatoa shati la buluu, limefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia kwamba hili alilishona yeye. Shemeji ni mteja wake wa miaka mingi. Bega lake la kulia limeshuka kwa vidole viwili, kwa saruji ya miaka yote ile, na shati lolote la dukani humvuta shingo. Kulipata hili alimpima mara nne. Alipoona nimelileta, alidhani nina watu wa namna hiyo wa kuwavisha. Ndiyo maana aliuliza mara tatu.

Kisha akanionyesha. Hapa amekata mwinamo, hapa ameongeza kidogo nyuma ili pindo lirudi sawa, hapa kola imeanzia mbali zaidi upande mmoja ili shingoni ionekane iko katikati. Akasema kwa sauti ile ile ndogo kwamba kulirudia hilo mara arobaini, kwa ukubwa wa aina tatu, bila kukosea hata moja, ni kazi ngumu kuliko zote alizofanya tangu ashike cherehani.

Nikayaona. Naandika kweli: nywele zilinisimama. Miaka mitatu namhusudu shemeji kwa umbo lake, kumbe nilikuwa nahusudu mikono ya mama huyu. Maneno makali yakaniishia kinywani. Nikamlipa nusu iliyobaki, kwa pesa ya umeme wa nyumbani, nikamshukuru kwa mikono miwili. Nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka nilikwenda kugomba.

Kesho ndiyo kesho. Nimejaribu kupima misumari kwa kijiko cha sukari, nizoee.

Jumamosi, 16 Juni

Asubuhi mke wangu akaniamuru nipeleke mashati yote kwenye geti la ghala lao saa sita, wachukuzi wakishapokea malipo ya wiki. Na sanamu nililete? Akasema sanamu libaki.

Wanatoka wameshaoga, wamebeba mifuko yao. Mke wangu akamwita mkubwa wao, mtu mpana, mvi kichwa kizima. Akamwambia lile la juzi lina wenzake. Kumbe alikuwa ameshampa lile la kwenye mkoba, na leo mzee amelivaa chini ya koti! Akavua koti mbele ya watu wote. Akainua bega, akalishusha. Shati likaenda naye, likarudi naye. Akasema amebeba gunia begani kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hajawahi kufunga kifungo cha juu bila kukabwa.

Halafu wakaniparamia.

Nimeona wanaume wazima wakishikana makola na kuangaliana kama wanaokutana upya. Kijana mmoja alimwomba mwenzake ampige picha ya kumpelekea mama yake, ya ubavuni, upande wa kulia. Nilitaka kusema jambo la kibiashara, nikajikuta namfungia mtu kifungo cha juu.

Saa kumi na moja nilikuwa nimeuza ishirini na tisa. Waliobaki ni wale wabebao kwa bega la kushoto. Wamejaribu, wamesikitika, wameandikisha majina yao kwa mke wangu. Shati moja tu! Misumari kwa ajili ya shati moja!

Likaingia lori la shemeji. Kila Jumamosi huja kuchukua wachukuzi wawili wakamshushie saruji. Nikajificha nyuma ya mizani, nimekumbatia mfuko wenye shati lake la buluu, ambalo nilipanga kulirudisha kambani jioni hiyo hiyo. Akawaona watu wake wamependeza. Akachukua shati, akalivaa pale pale. Likamkaa. Akapapasa kola, akapapasa bega, na uso wake ukabadilika. Akauliza ni nani aliyejua vipimo vyake.

Mke wangu akasema kwamba ni mume wake. Hakukupima, kaka, alikutazama tu. Ana miaka mitatu anakutazama, anakupenda mno ila anaona haya kusema.

Shemeji alinifuata nyuma ya mizani, akanikumbatia. Macho yamemlowa. Akasema maisha yake yote ananunua nguo kisha anazipeleka zikarekebishwe, au anapimwa mara nne ndipo ashonewe, leo ndiyo mara ya kwanza nguo imemsubiri yeye. Amelipa bila kupunguziwa. Shati lake la wizi lilikuwa katikati yetu, limetubana tumboni wote wawili.

Nilimwambia nampenda. Nilishangaa kwamba ilikuwa kweli. Thelathini!

Jumapili, 17 Juni

Nimetulia, nimetafakari, nimepata mafunzo. La kwanza: nina jicho. Wengine wanahitaji utepe wa kupimia, mimi natazama tu, shemeji mwenyewe ameshuhudia. La pili: mke wangu ni msaidizi mzuri wa usafirishaji.

Ameniachia mezani karatasi yenye majina kumi na tisa ya wabebao kwa bega la kushoto, na vipimo vyao, na neno "anza na hawa" limepigiwa mstari. Ni mwandiko mzuri sana, natamani ningekuwa nao. Nyuma ya karatasi palikuwa peupe, nikapatumia kuandikia mpango wa suruali.

Maana suruali ndiko kwenyewe. Jirani yetu wa pili, yule anayesambaza mikate kwa baiskeli tangu utoto, sijapata kuona mtu ambaye suruali inamkaa namna ile. Miguu yake imepinda kama mabano, lakini mstari wa pasi unashuka umenyooka kiunoni hadi kisiginoni. Nimelitazama hilo kwa mshangao muda mrefu. Leo alikuwa amezianika.

Fundi alinipokea vizuri. Akaigeuza suruali nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa paja, akauliza ninataka ngapi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Lebo zilizobaki ni elfu moja mia tisa na sitini, na suruali zitakuwa hizo hizo, isipotee hata moja.

Akatoa pini mdomoni. Ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Mama yule ana kipaji kikubwa, lakini bado hajiamini.