Kambare wa Kisimani Siku ya Posa ya Rukia

Jamani, leo nimeaibika. Nimejifungia chumbani juu, naandika haya huku nasikia watu wanacheka huko chini, na najua wanamcheka nani.

Ilikuwa hivi. Alasiri tulikuwa twatarajia wageni wa posa. Dada yangu Rukia anaposwa na watu wa Kizingo, watu wa nyumba kubwa na bustani. Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo mimi kaka mkubwa ndiye nisimamaye kama mzazi. Yaani leo kuliko siku zote nilitakiwa nionekane mtu mzima.

Asubuhi mfereji ukakauka. Hapa Mji wa Kale si jambo geni, na sisi tuna kisima chetu uani. Shangazi Zuwena akateka ndoo ya kwanza. Tope. Ya pili, tope na harufu. Ya tatu akapiga ukelele: kuna kitu kimegeuka humo ndani, kina sharubu!

Kambare. Marehemu baba alimtia humo akiwa mdogo kama kidole, ale viluwiluwi vya mbu. Sote tulidhani alikufa zamani. Kumbe alikuwa anakula tu, ananenepa, na sasa anavuruga tope la chini kama mwenye nyumba.

"Salim, maji haya ni ya kupikia ama ya kukandika ukuta?" Shangazi akaniuliza. "Hebu nikamwite fundi wa visima."

"Fundi wa nini, Shangazi? Niachie mimi. Adhuhuri haifiki nitakuwa nimemtoa."

(Sijawahi kuvua samaki maishani mwangu. Nafanya kazi ya ofisi bandarini. Lakini nani kati yenu ashawahi kutamka neno mbele ya shangazi yake halafu akalirudisha?)

Nikampigia Odhiambo, mwenzangu kazini. Yeye alikulia kando ya ziwa, na hamalizi chakula cha mchana bila kutusimulia samaki aliyewahi kuvua.

"Kambare haoni vizuri, ananusa," akanieleza. "Chambo lazima kinuke. Tafuta maini ya kuku, yaache juani mpaka nzi wakusalimie. Yafunge kwa uzi kwenye ndoana yasichomoke. Teremsha mpaka chini kabisa, huko ndiko anakokula. Akigusagusa, usivute! Huyo anaonja. Ngoja mshipi ukaze na uanze kwenda, ndipo uvute."

Nikanunua mshipi na ndoana. Nikavaa kikoi na fulana kuukuu. Maini nikayaanika ukutani, na paka wa mtaa mzima wakahudhuria.

Kambare alipogusa mara ya kwanza nikavuta. Ndoana tupu! Mara ya pili nikangoja, nikangoja, mpaka akala maini yote akaenda zake. Mara ya tatu nilipiga chafya. Adhuhuri ikapita. Nikaenda kuswali, nikarudi, nikakaa palepale. Shangazi alishaazima maji kwa jirani, biriani liko jikoni linanukia, mimi nanukia maini.

"Bado wazungumza naye?" akanipitia na sufuria. "Inuka ukaoge, Salim. Wageni wamo njiani."

"Simwachi, Shangazi. Leo ni yeye ama mimi."

Si suala la maji tena hilo. Nilikuwa nimeshamchukia.

Nikampigia Odhiambo tena. "Kwanza jipake majivu mikononi," akasema, "maana anateleza. Mshike nyuma ya kichwa, jihadhari na miiba ya ubavuni. Na jambo la mwisho, la muhimu kabisa, kambare ukishamtoa majini—"

Mshipi ukakaza! Ukaanza kwenda! Simu nikaiangusha, nikavuta kwa mikono miwili.

Na wakati huohuo, mlango wa mbele: "Hodi! Salamu alaikum!"

Shangazi akachungulia kwenye pazia la uani, macho yamemtoka. "Washaingia! Baki hukohuko, usitokeze hata pua!"

Kambare akatoka. Mweusi, mnene kama paja langu. Akajipiga sakafuni mara moja, ndoana ikachomoka. Nikamrukia, akateleza. (Majivu? Majivu yako jikoni.) Nikadhani atatapatapa mpaka achoke. Wapi! Akajiinua kwa mapezi yake akaanza kutembea. Anatembea! Anajinyonga huku, anajinyonga kule, kama mtu aliyechelewa kazini. Akapita chini ya pazia, akaingia ukumbini kwa wanawake wa watu.

Nami nikamfuata. Akili haikuhusika.

Mayowe! Mabuibui juu ya makochi! Sinia la kaimati limepinduka! Rukia alikuwa katikati, ameinamisha macho kama alivyofundishwa. Mimi nikaona kitu cheusi kinateleza karibu na kiti kikubwa. Nikajitupa kifudifudi. Nikashika. Nikafumba macho nikabana kwa nguvu zangu zote.

"Nimemkamata! Leo simwachi, hata afanye nini!"

Kisha sauti ya upole ikatoka juu ya kichwa changu:

"Mwanangu, huo ni mguu wangu."

Nikafumbua macho. Soksi nyeusi. Mwenye soksi, Bi Shamsa, mama wa bwana harusi. Na mikono yangu, kwa mshtuko, bado imebana.

"Mwachie mgeni!" Shangazi akalia.

Kambare mwenyewe yuko chini ya meza ya halwa, ametulia. Basi Rukia akainuka. Akavua leso yake mpya, akamtupia, akamfunika, akambana nyuma ya kichwa. "Samahanini," akasema kwa adabu, akampeleka uani, akamtia kwenye karai. Akarudi, akakaa, akainamisha macho tena.

Bi Shamsa akaivuta soksi yake vizuri. Akamtazama Rukia kwa muda.

"Zuwena," akamwambia Shangazi, "tulikuja kuuliza tu. Sasa hatuulizi. Msichana huyu twamtaka."

Kisha akanigeukia, mimi nikiwa bado sakafuni na tope langu. "Na wewe ndiwe walii wa kumwoza?"

"Ndimi, Bi Shamsa."

"Haya. Tutazungumza. Ukishaoga."

Basi harusi ipo, alhamdulillahi. Odhiambo naye ameshanipigia. Eti alitaka kunieleza kwamba kambare hutembea nchi kavu. Nikamwambia ahsante.

Ninyi nawaomba jambo moja tu: tukikutana kesho msikitini, niulizeni habari za kazi.